Chakula cha Asili ni cha Asili ya Nani?



Kuna neno moja ambalo katika miji mikubwa ya dunia huuza chakula kuliko hata harufu ya chakula chenyewe. Neno hilo ni "asili". Ukipita mitaa ya London, Sydney au Los Angeles utaliona limeandikwa juu ya milango ya mikahawa: chakula cha asili cha Kihindi, cha asili cha Kichina, cha asili cha Kihabeshi. Mwenye njaa akilisoma huingia ndani moyo umetulia, kana kwamba amepewa hati yenye mhuri wa serikali. Juma hili nataka tulikalishe neno hili kitako, tuliulize maswali matatu: Asili ya nani? Tangu lini? Na nani aliyeithibitisha?

Mfano wangu utakuwa mkahawa wa Kithai. Simaanishi ule wa ndani ya hoteli kubwa, wenye vitambaa vyeupe na maua ya okidi juu ya meza. Namaanisha ule mdogo, wenye viti vya plastiki na karai linalonguruma nyuma ya pazia, ambao wajuzi wa mji hunong'onezana habari zake. Miaka 60 iliyopita, nje ya Asia ni watu wachache mno waliokuwa wamepata kuonja chakula hiki. Leo mtu asiyeweza kuionyesha Thailand kwenye ramani anaweza kukutajia vyakula vyake vitatu bila kufikiri. Jambo kubwa namna hii halikutokea lenyewe. Lina tarehe, lina sheria, lina vita ndani yake, na lina watu walioumia.

Tuanzie kwao. Mji wa Bangkok ulifanywa makao makuu ya ufalme mwaka 1782, pale Mfalme Rama wa Kwanza alipohamishia kiti chake upande wa mashariki wa mto Chao Phraya. Mahali alipotaka kujenga kasri lake palikuwa pamekaliwa na Wachina. Wakaambiwa wahame, wakasogea nje ya ukuta wa mji, mahali paitwapo Sampheng, na hadi leo huo ndio mtaa wa Wachina wa Bangkok. Katika karne ya 19 waliongezeka sana, wengi wao wanaume wasio na wake, wakifanya kazi bandarini na katika viwanda vya kukoboa mpunga. Mtu wa namna hiyo hana jiko wala mpishi, hula mtaani. Ndipo wachuuzi wakazunguka na mizegazega begani, upande mmoja jiko la makaa na sufuria ya supu, upande wa pili tambi na mabakuli. Wengine waliuza ndani ya mitumbwi, kwani Bangkok ya siku hizo ilikuwa mji wa mifereji.

Baadaye mchuuzi mwenye bahati akapata chumba cha mbele cha nyumba ya duka. Akaweka meza nne, karai moja, na kabati la kioo lenye mboga, nyama na kamba wa siku hiyo. Mteja hutazama kilichomo akamwambia mpishi: nikaangie hiki na kile, pilipili ongeza, sukari punguza. Msikilizaji wa Dar es Salaam ataelewa nikisema kwamba mkahawa huo ni binamu wa kibanda cha mama ntilie. Kula nje kwa mtu wa Bangkok si anasa wala sikukuu. Vyumba vingi vya kupanga havina jiko, na mfanyakazi hula mtaani kama vile anavyopanda basi.

Na mezani kuna vikopo vinne. Kimoja kina maji ya samaki aliyevundikwa kwenye chumvi, yaitwayo nam pla, yametiwa pilipili. Cha pili kina siki, cha tatu sukari, cha nne pilipili kavu ya kusaga. Maana yake ni kwamba ladha ya mwisho huitia mlaji mwenyewe. Watu wawili wakiagiza bakuli moja la namna moja, wakikorogewa na mpishi mmoja, baada ya dakika moja wanakula vitu viwili tofauti. Je, la asili ni lipi kati ya hayo mabakuli mawili?

Sasa tuingie ndani ya sahani. Ukimuuliza mtu chakula cha Kithai kina sifa gani, jambo la kwanza atakalokutajia ni pilipili. Lakini pilipili kali asili yake ni bara la Amerika, wala haikuonekana upande huu wa dunia kabla ya safari za Wazungu za mwisho wa karne ya 15. Wareno wale wale waliozipora Kilwa na Mombasa mwaka 1505 waliiteka Malacca mwaka 1511, na mwaka huo huo wakapeleka mjumbe kwa mfalme wa Ayutthaya, mji mkuu wa Siam wa wakati huo. Kwa njia za biashara za zama hizo pilipili ya Amerika ikaenea katika mwambao wote wa Asia. Kabla yake, Wasiam walitafuta ukali katika pilipili manga na tangawizi.

Lugha imehifadhi ushahidi wa jambo hili. Kwa Kithai, pilipili kali huitwa "phrik", na pilipili manga huitwa "phrik thai", yaani pilipili ya Kithai. Mgeni amelichukua jina, na mwenyeji amelazimika kuongezewa ukoo ili atambulike. Sasa, ndugu msikilizaji, jisikilize mwenyewe. Mswahili akisema "pilipili" peke yake humaanisha ile kali nyekundu, mgeni aliyetoka Amerika. Ile ya zamani, iliyofika na majahazi kabla ya Mreno, tumeibandika neno "manga", na Manga ni jina letu la kale la upande wa Uarabuni. Mataifa mawili yaliyo mbali hivi, yenye lugha zisizohusiana hata kidogo, yamefanyiwa jambo lile lile na mmea mmoja.

Wala pilipili haiko peke yake. Kuna saladi iitwayo som tam, ya papai bichi lililochanwa nyuzi nyuzi na kupondwapondwa kinuni pamoja na ndimu, pilipili, kitunguu saumu na karanga. Hicho ni chakula cha Isan, mikoa ya kaskazini-mashariki inayopakana na Laos, na kimeenea Bangkok pamoja na watu wa Isan waliokuja kutafuta kazi za ujenzi na udereva. Basi papai ni la Amerika, karanga ni za Amerika, pilipili ni ya Amerika. Tambi ni za Mchina, na karai la kukaangia pia. Hata kijiko na uma walivyonavyo leo mezani viliingia kutoka Ulaya kupitia ikulu katika karne ya 19. Zamani walikula wali kwa mkono kama sisi.

Na kuna mchuzi mmoja mzito wa nyama, viazi na tui la nazi uitwao matsaman. Ndani yake mna iliki, mdalasini na karafuu. Mtu wa Lamu au Unguja akiuonja atadhani umepikwa na jirani. Jina lake latokana na neno la kale la Kiajemi la kumtaja Mwislamu, na linatukumbusha wafanyabiashara Waislamu, Waajemi miongoni mwao, waliokaa Ayutthaya karne ya 17. Bahari ya Hindi ni barabara, na barabara haimwulizi mtu kabila.

Mtu atasema: hayo ni ya zamani, tangu hapo chakula kimekwisha tulia kikawa cha Wathai. Kweli, kimekuwa chao. Lakini hata kuwa chao kulisaidiwa na amri. Mwaka 1932 utawala wa mfalme usio na katiba ulipinduliwa nchini Siam. Mwaka 1938 jeshi likampata waziri mkuu aliyeitwa Phibun Songkhram. Mwaka 1939 serikali yake ikabadilisha jina la nchi kutoka Siam kuwa Thailand, kisha ikatoa maagizo 12 ya utamaduni, kati ya mwaka 1939 na 1942: jinsi ya kuvaa, jinsi ya kuuheshimu wimbo wa taifa, lugha ya kusema, hata saa za kula na kulala. Mwaka 1942, nchi ikiwa vitani na Bangkok ikiwa imefurika maji, serikali hiyo ikawahimiza wananchi wale tambi na wauze tambi.

Hapo ndipo penye kichekesho chenye uchungu. Tambi zilikuwa chakula cha Wachina, hata jina lake katika Kithai ni la Kichina cha kusini. Na serikali iliyozihimiza ilikuwa serikali ile ile iliyofunga shule za Wachina na kutenga kazi kadhaa ziwe za Wathai peke yao. Basi tambi za mchele zikakaangwa kwa ukwaju, sukari ya mnazi, nam pla, uduvi, yai na choroko zilizochipua, zikaitwa pad thai, yaani kaango la Kithai. Fikiri kidogo: chakula cha kale cha watu hakihitaji kuitwa kwa jina la taifa. Sisi hatusemi "ugali wa Kitanzania" tukiwa nyumbani. Jina kama hilo hutolewa pale ambapo mtu anataka kuthibitisha jambo. Na hicho ndicho chakula ambacho mgeni hukiagiza kwanza anapotafuta asili.

Chakula hiki kilivukaje bahari kuu mpaka Marekani? Kilivuka kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ulikuwa vita vya Vietnam. Marekani ilijenga viwanja vya ndege za kivita katika ardhi ya Thailand, mahali kama Udorn, Korat na U-Tapao, na mwishoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa na askari karibu 50,000 nchini humo. Wengine waliletwa Bangkok kutoka vitani kwa mapumziko ya siku chache. Maelfu ya vijana wa Kimarekani wakarudi kwao wakiwa wamezoea ladha ambayo mama zao hawakuijua. Wengine walirudi na wake wa Kithai.

Mlango wa pili ulikuwa sheria. Kwa miaka mingi Marekani ilikuwa imewafungia Waasia nje. Baada ya sheria ya mwaka 1952, nchi kama Thailand iliruhusiwa watu 100 tu kwa mwaka. Tarehe 3 Oktoba 1965 Rais Lyndon Johnson akatia sahihi sheria mpya iliyoondoa mgao wa zamani uliofuata nchi mtu alikozaliwa. Wanafunzi wa Kithai waliokuwa Los Angeles wakapata njia ya kubaki. Wauguzi wakaja, wakaleta ndugu zao. Na mgeni asiye na mtaji wala Kiingereza cha kutosha ana mali moja ambayo forodha haiwezi kuichukua: anajua kupika.

Lakini apike kwa nini? Mchaichai haukuwapo sokoni, nam pla haikuwapo, majani ya mndimu wa kwao yalizuiwa kuingia kwa hofu ya magonjwa ya michungwa. Wapishi wa miaka hiyo walitia sosi ya nyanya mahali pa ukwaju, na ganda la ndimu mahali pa yale majani. Mwaka 1971 mhamiaji mmoja, Pramorte Tilakamonkul, akafungua duka la vyakula mjini Los Angeles akaliita Bangkok Market, likajulikana kuwa duka la kwanza la vyakula vya Kithai nchini Marekani. Duka hilo limekwisha kufungwa, lakini wakati wake lilifanya kazi ya bandari. Mpishi aliyekuwa akibahatisha sasa akapata vifaa vyake.

Hata hivyo, kupata vifaa si kupata walaji. Mteja Mmarekani wa miaka ile alitaka utamu, alitaka nyama isiyo na mifupa, na pilipili aliiogopa. Mikahawa ikazua desturi ya kuuliza: ukali wa nyota ngapi, moja mpaka tano? Na pakazuka desturi nyingine ya kimya zaidi, ile ya kuwa na orodha mbili za vyakula. Ya Kiingereza ilikuwa na picha za rangi. Ya Kithai ilikuwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono na kubandikwa ukutani, isomwe na wenye kuisoma.

Karatasi ya namna hiyo nimeiona kwa macho yangu. Nilipokuwa Los Angeles, binamu yangu aishiye huko alinipeleka mkahawa mmoja wa Hollywood Boulevard, uliobanwa kati ya dobi na duka la simu, mbele yake uwanja wa kuegeshea magari. Tulimkuta mama wa makamo akipokea watu na kuhesabu fedha. Wateja wa Kithai walimwita kwa neno lenye maana ya dada mkubwa, naye aliwaita wadogo zake. Nikajisikia niko nyumbani, kwani hata sisi hatumwiti mtu mzima jina lake tupu. Binamu yangu akamwonyesha ile karatasi ukutani, akamwomba atuletee kilichoandikwa juu kabisa. Mama akacheka, akasema hicho hatutakipenda. Binamu akamjibu, "Dada, sisi tumezaliwa pwani. Tuletee kile unachokula wewe."

Kilikuja kimechacha, kikali, cha manjano, samaki ndani yake akiwa na mifupa yake yote, na pembeni sahani ya majani mabichi ya kupoza ulimi. Ni mchuzi wa kusini mwa Thailand. Nilikula huku machozi yakinitoka, na sikuacha. Tulipomaliza, mama akaja kukaa nasi kidogo. Alituambia kwamba kwa miaka mingi alitia sukari kila mahali kwa sababu kodi ya pango hailipwi kwa ukaidi. Mchuzi ule aliupika usiku tu, kwa ajili ya wapishi na madereva wa Kithai waliotoka kazini.

Hapo, ndugu msikilizaji, ndipo nilipoanza kupata jibu la swali langu. Pad thai ya mama yule, yenye sukari nyingi, imelisha watoto wake mpaka chuo kikuu. Siwezi kuiita ya uongo. Na mchuzi wa usiku hauna ukale wa kuzidi wenzake. Umo manjano ya Kihindi, imo pilipili ya Amerika. Tofauti iliyopo ni kwamba mmoja ulipikwa kwa kumkisia mgeni, wa pili ulipikwa kwa kumjua mlaji. Nionavyo mimi, kile ambacho watu wanakitafuta wanaposema "asili" ni hicho tu: kupikiwa na mtu ambaye hakuogopi.

Na woga huo una sababu zake. Tarehe 2 Agosti 1995, katika mji mdogo wa El Monte, mashariki ya Los Angeles, maofisa wa serikali walivamia majengo ya kupanga yaliyozungushiwa waya wenye makali. Ndani waliwakuta Wathai 72, wengi wao wanawake, wakishona nguo usiku na mchana chini ya walinzi. Walikuwa wameahidiwa kazi nzuri, kisha wakaambiwa wana deni la nauli. Wengine walikuwa wamefungiwa humo miaka mingi, hata kufikia saba. Nguo walizoshona ziliuzwa katika maduka yenye majina makubwa. Na hata chakula walikinunua kwa hao hao waliowafunga, kwa bei ya kuumiza. Mkasa huo ulichangia kuzaliwa kwa sheria ya Marekani ya mwaka 2000 dhidi ya biashara ya kuuza watu.

Nautaja mkasa huu katika mazungumzo ya chakula kwa makusudi. Mwaka ule wa 1995 mkazi wa kawaida wa Los Angeles aliyeishi mwendo mfupi kutoka El Monte alikuwa amekwisha kuipenda pad thai. Alijua mchaichai, alijua tui la nazi. Mshonaji wa Kithai hakumjua. Ulimi ulikuwa umesafiri mbele, macho yakabaki nyuma. Shirika la kuwasaidia Wathai la mji huo, Thai Community Development Center, lililoanzishwa mwaka 1994, lilikuwa miongoni mwa waliosimama na wale 72. Shirika hilo hilo likashinikiza Baraza la Jiji, na mwezi Oktoba 1999 sehemu ya Hollywood Boulevard, kati ya barabara za Normandie na Western, ikatangazwa rasmi kuwa Thai Town, mtaa wa Wathai. Waliotaka mtaa huo utambuliwe walitaka zaidi ya kibao. Walitaka wageni waje kula pale, na fedha zao zibaki mikononi mwa watu wa pale.

Huko kwao nako serikali ilikuwa inaamka. Julai 1997 fedha ya Thailand iliporomoka na kuburura nusu ya Asia. Wathai wenyewe mgogoro ule waliuita kwa jina la supu yao ya kamba, tom yam kung. Mwaka 2002, chini ya Waziri Mkuu Thaksin Shinawatra, ukazinduliwa mpango ulioitwa Global Thai. Wakati huo mikahawa ya Kithai nje ya nchi ilikadiriwa kuwa kama 5,500, na lengo likawa kuifikisha 8,000. Wapishi wakafundishwa, mikopo ikatolewa, na wizara ya biashara ikawa inatoa cheti kiitwacho Thai Select kwa mikahawa iliyoridhisha. Kwa hiyo rafiki yangu anayedhani amekigundua kimkahawa cha Kithai kwa ujanja wake, pengine amefuata tu mpango ulioandikwa ofisini Bangkok.

Haikuishia hapo. Mwaka 2014 kamati iliyogharimiwa na serikali ya Thailand ilionyesha mashine ya kuonja chakula. Unamimina mchuzi, mashine inanusa na kupima, kisha inatoa alama juu ya 100 kusema mchuzi ni wa Kithai kiasi gani. Nilipoisoma habari hiyo nilimfikiria mama wa Hollywood Boulevard amepanga foleni na kijiko chake mbele ya ile mashine, anangoja kuambiwa kama yeye ni Mthai.

Sidharau jitihada za serikali kulinda mali ya watu wake. Mwezi Desemba 2017, kitabu cha Michelin cha Wafaransa kilipotoa nyota zake za kwanza Bangkok, mmoja wa waliopata alikuwa mama mzee aitwaye Jay Fai, mpishi wa kando ya barabara, anayekaanga mayai na kaa kwa mkaa huku amevaa miwani mikubwa ya kukinga macho. Na mwezi Desemba 2024 UNESCO iliingiza tom yam kung katika orodha yake ya urithi wa binadamu. Hayo ni mambo ya kujivunia. Lakini bei ya Jay Fai ilipotajwa, walikuwapo walioguna: chakula cha kando ya njia, kwa nini kiwe ghali hivyo?

Swali hilo ndilo ninalotaka kuliacha mikononi mwenu. Mtu wa mjini hulipa fedha nyingi kwa sahani ya Kiitaliano au ya Kifaransa bila kulalamika. Akifika kwa Mthai, kwa Mhabeshi, au kwa mama ntilie wa kwetu, anataka vitu viwili pamoja: kiwe cha asili, na kiwe rahisi. Urahisi huo hulipwa na mtu. Hulipwa na mpishi anayesimama mbele ya karai saa 12 kwa siku, na mtoto wake anayekata vitunguu baada ya shule. Marehemu Jonathan Gold, mwandishi wa Los Angeles aliyetumia maisha yake kula na kuandika habari za mikahawa midogo ya wahamiaji, alipata tuzo ya Pulitzer mwaka 2007, mwandishi wa kwanza wa habari za mikahawa kuipata. Jambo lililofanya watu wampende ni kwamba aliandika juu ya bakuli la tambi kwa heshima ile ile ambayo wenzake waliiweka kwa meza za matajiri.

Basi, ndugu msikilizaji, safari zako zikikufikisha mji wowote wenye mkahawa wa Kithai, ingia. Usiulize kama chakula ni cha asili. Neno hilo limechoka, na kama tulivyoona, ukilifuatilia litakupeleka Amerika, China, Uajemi na Ureno kabla halijafika Bangkok. Muulize aliyesimama pale, kwa adabu, yeye mwenyewe usiku huu atakula nini. Akikuambia, agiza hicho. Kisha ulipe bei anayoitaja, bila kuomba apunguze.